Kisa cha Żuławski: Filamu Iliyovunjwa Ikikaribia Kuisha

Mwaka 1977 serikali ya Poland iliisimamisha filamu ambayo yenyewe ilikuwa inailipia. Karibu sehemu nne kwa tano za picha zilikuwa zimekwisha kupigwa. Amri haikuishia hapo: ilitaka seti zibomolewe na mavazi yaharibiwe, ili pasibaki cha kurudia. Miaka kumi baadaye mwongozaji wake, Andrzej Żuławski, aliyakusanya mabaki, akayahariri, akaitoa filamu hiyo ikiwa na mapengo yake wazi. Ndiyo inayoitwa Na srebrnym globie, yaani "Juu ya Tufe la Fedha".

Żuławski alifanya kazi kwa zaidi ya miaka 40, na karibu kila filamu yake ina ugomvi wake. Nimechagua kisa hiki kimoja kwa sababu kinamweka mtu na mfumo ana kwa ana, na kwa sababu nakiona kikisimuliwa vibaya mara nyingi. Husimuliwa kama hadithi ya ofisa mmoja mwovu na msanii mmoja aliyeonewa. Ofisa alikuwepo, na uonevu ulikuwepo. Lakini ukiyafuatilia matukio kwa mpangilio wake, unakuta jambo zito zaidi ya chuki ya mtu mmoja.

Alikotoka

Żuławski alizaliwa Lwów tarehe 22 Novemba 1940. Mji huo wakati ule ulikuwa mikononi mwa Wasovieti, mwaka uliofuata ukatwaliwa na Wajerumani, na leo unaitwa Lviv na uko Ukraine. Baba yake, Mirosław Żuławski, mwandishi ambaye baadaye alikuwa mwanadiplomasia, alivuka miaka ya vita kwa kulisha chawa.

Hapa lazima nisimame kidogo. Lwów kulikuwa na taasisi ya Profesa Rudolf Weigl, iliyotengeneza chanjo ya homa ya taifasi, ugonjwa unaoenezwa na chawa. Chanjo hiyo ilitokana na matumbo ya chawa walioambukizwa, na chawa hawaishi bila damu ya binadamu. Basi watu waliajiriwa kuwalisha. Vijisanduku vidogo vyenye wavu upande mmoja vilifungwa kwa mkanda kwenye mguu au paja, upande wa wavu ukigusa ngozi, na mtu akatulia hapo mpaka wadudu washibe. Ujira wa maana haukuwa pesa. Ulikuwa kitambulisho cha taasisi, kwa sababu askari wa Kijerumani waliogopa kumsogelea mtu anayeshinda na chawa wa taifasi. Wasomi wengi walijificha nyuma ya kitambulisho hicho, akiwamo mwanahisabati Stefan Banach.

Filamu ndefu ya kwanza ya Żuławski kwa ajili ya majumba ya sinema, Trzecia część nocy ya mwaka 1971, imejengwa juu ya mambo hayo. Kamera inaukaribia mguu, inaukaribia wavu, inawaonyesha chawa wakivimba kwa damu, na haiondoki mapema ili kumpa mtazamaji nafuu. Poland ilikwisha kuwa na filamu nyingi za vita zenye mashujaa, bendera na makaburi. Huyu kijana wa miaka 30 aliitoa vita kwenye heshima akaitia kwenye ngozi ya mtu. Tangu hapo ilikuwa dhahiri kwamba hatakaa kwenye mstari wa wenzake, ingawa alifunzwa na aliyekuwa mkubwa wao: baada ya kusomea filamu Paris, katika chuo cha IDHEC, alikuwa msaidizi wa mwongozaji mashuhuri Andrzej Wajda.

Filamu ya pili, Diabeł, ilifungiwa mwaka 1972 na haikuonekana mpaka 1988. Juu juu ni habari za mwaka 1793, jeshi la Prussia likiivamia Poland, na kijana mmoja wa ukoo wa kiungwana anayefunguliwa kifungoni na mgeni mwenye nguo nyeusi. Mgeni anamtembeza nchi nzima, anamchochea aue, na anachotaka ni orodha ya majina ya waliokula njama pamoja naye. Kila Mpolandi aliyekuwa na akili timamu mwaka 1972 alikumbuka Machi 1968, wanafunzi walipochokozwa na vyombo vya usalama kisha wakapigwa na kukamatwa. Wadhibiti wa filamu wa serikali nao walikumbuka. Żuławski akahamia Ufaransa.

Kuitwa nyumbani

Ufaransa ilimpokea vizuri. Mwaka 1975 alitoa L'important c'est d'aimer, na Romy Schneider aliyeigiza humo akapata César, tuzo ya sinema ya Ufaransa, ya mwigizaji bora wa kike, tena katika mwaka wa kwanza wa tuzo hizo. Jina la Żuławski likawa na uzito. Poland chini ya Edward Gierek, kiongozi wa chama tawala cha kikomunisti, wakati huo ilikuwa inakopa nchi za Magharibi na inapenda kuonekana nchi ya kisasa. Mtu wao akisifiwa Paris ni mtu wa kuitwa nyumbani, na aliitwa, akaulizwa anataka kutengeneza nini.

Akachagua kazi kubwa kuliko zote. Jerzy Żuławski, babu wa ukoo wake, aliandika riwaya tatu kuhusu watu waliohamia Mwezini. Ya kwanza ilitoka kitabu mwaka 1903, ya pili 1910, ya tatu 1911. Ni miongoni mwa misingi ya riwaya za kisayansi za Kipolandi. Andrzej alichukua mbili za mwanzo akaziunganisha.

Ili kilichofuata kieleweke, lazima ijulikane fedha ilivyokuwa inatembea. Poland ya wakati ule haikuwa na tajiri wa kumfuata ukashirikiana naye. Filamu zilitengenezwa na vikundi vya kikazi, kila kimoja kikiongozwa na msanii mwenye jina, na vikundi hivyo vilikuwa na uhuru wa kiasi ambao nchi jirani hazikuwa nao. Muswada ulijadiliwa humo, ukapelekwa juu, ukapata kibali, na fedha ikatoka serikalini. Filamu ikiisha, ilirudi tena juu kukaguliwa kabla ya kuonyeshwa. Mwenye kulipa, mwenye kukagua na mwenye kusambaza ni mmoja. Uzuri wake ni kwamba mwongozaji hakusumbuliwa sana na hesabu za tiketi, na ndiyo maana sinema ya Poland ilifika mbali kiasi kile. Ubaya wake ni kwamba hakukuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Kwa hiyo Na srebrnym globie haikuwa filamu ya kichinichini. Ilikuwa na vibali vyote na fedha ya umma, na kazi ilianza mwaka 1976.

Ni filamu ya namna gani

Wanasafari wachache wa anga wanaanguka kwenye sayari ya mbali. Mwanamke mmoja, Marta, anazaa. Watoto wanakua upesi kuliko wa duniani, wanazaana, na ndani ya umri wa mtu mmoja linatokea kabila zima lenye nyuso zilizopakwa rangi, lenye ibada, hofu na vita vyake. Jerzy, wa mwisho kubaki katika kizazi cha kwanza, anageuka Mzee, nusu mungu kwa watu ambao aliwaona wakizaliwa. Sehemu hii yote tunaiona kupitia kamera ambazo wanasafari wamezivaa mwilini. Kabla ya kufa anaipeleka rekodi hiyo duniani, na baadaye anakuja mtu mwingine, Marek, aliyeigizwa na Andrzej Seweryn. Watu wanampokea kama mkombozi aliyetabiriwa. Anawaongoza vitani dhidi ya Waszern, viumbe wenye mabawa wanaowatawala. Mwishoni waliompokea ndio wanaomsulubisha.

Kamera ya Andrzej Jaroszewicz haitulii. Inakimbia na waigizaji, inawaingia usoni, inazunguka, na waigizaji wanaiambia maneno yao kwa sauti ya watu waliopagawa. Rangi zimevutwa kuelekea kijani na samawati ya baridi. Picha zilipigwa kwenye pwani ya Baltiki, Crimea, milima ya Kaukazi, jangwa la Gobi nchini Mongolia, na chini ya ardhi katika machimbo ya chumvi ya Wieliczka.

Kuna tukio moja ambalo ukiliona halikutoki. Pwani, watu waliohukumiwa wametundikwa juu ya miti mirefu iliyochongwa ncha, mirefu kuliko nyumba. Kamera haibaki chini na umati. Inapanda mpaka kwenye kimo chao, na kutoka huko juu bahari, mchanga na watu vinaonekana vidogo mno, huku anayekufa akiwa karibu kabisa na sisi. Hakukuwa na kompyuta za kutengeneza picha ya namna hiyo. Miti ilisimikwa kweli na kamera ikapandishwa kweli.

Namkubalia anayelalamika kwamba filamu hii inachosha. Maneno ni mengi, hotuba za kifalsafa zinapandana, na nusu saa ya mwanzo inahitaji subira. Lakini hakuna filamu nyingine ninayoijua inayoonyesha kwa ukaribu hivi dini inavyoanza: jinsi ajali inavyogeuka kumbukumbu, kumbukumbu ikawa wimbo, wimbo ukawa amri ya kuua.

Amri

Mambo mawili yalikuwa yamebadilika nje ya uwanja wa kupigia picha. Juni 1976 serikali ilipandisha bei za vyakula, wafanyakazi wa Radom na Ursus wakaandamana, na serikali ikarudi nyuma baada ya kuwapiga. Kisha Februari 1977 Wajda akatoa Człowiek z marmuru, filamu kuhusu mfanyakazi bora aliyepambwa na chama kisha akatupwa. Ilikuwa imeruhusiwa na waziri wa utamaduni Józef Tejchma, na kwenye majumba machache ilipoonyeshwa watu walijaa. Chama kikaamua sinema imeachiwa kamba mno. Mwaka huohuo akawekwa naibu waziri mpya wa kusimamia filamu: Janusz Wilhelmi, mhakiki wa fasihi na mhariri.

Wilhelmi aliikuta kazi ya Żuławski inakaribia ukingoni, akaikata. Sababu iliyotolewa ni gharama.

Tuipime sababu hiyo kwa haki, maana si ya kupuuzwa. Nchi ilikuwa na madeni. Filamu ilikuwa ghali kweli: msafara wa Mongolia si wa bei ya chini, na mavazi ya mamia ya watu yalishonwa upya kwa ajili ya dunia ambayo haipo. Ofisa wa fedha angekuwa na haki ya kuuliza maswali makali.

Ila hesabu yenyewe inamkana aliyeitoa. Sehemu kubwa ya fedha ilikwisha kutumika. Kusimamisha katika hatua hiyo hakurudishi pesa hata moja, kunachofanya ni kuhakikisha kwamba zilizotumika hazizai kitu. Mtu anayebana matumizi angeweza kuamuru kazi ikatwe, matukio yaliyobaki yafupishwe, filamu itoke ilivyo. Na juu ya hapo kuna ile amri ya kuharibu mavazi na seti. Mavazi yakiwa stoo hayali. Anayeharibu vitu vilivyokwisha kulipiwa anataka kazi isiweze kurudiwa, na hilo ni lengo la kisiasa hata likiandikwa kwenye karatasi ya mhasibu. Mimi sioni namna nyingine ya kuisoma amri ile.

Kilichowatisha ni nini hasa? Hakuna chama humo, hakuna katibu mkuu. Kuna jamii inayosubiri mkombozi kutoka juu, makuhani wanaomiliki historia, na kiongozi anayetukuzwa na kuuawa na watu walewale. Baada ya Diabeł wadhibiti walikwisha jifunza kwamba mtu huyu akiandika juu ya karne nyingine au sayari nyingine, usilale.

Waliokuwa chini hawakutii kikamilifu. Watu wa kikosi walificha sehemu ya mavazi na vifaa, na mikanda iliyopigwa ikasalimika. Hawa ni mafundi, washonaji na wasaidizi ambao majina yao hayamo kwenye mabango, na bila wao leo pasingekuwa na kisa cha kuchambua.

Tarehe 16 Machi 1978 ndege ya shirika la Bulgaria ilianguka karibu na Vratsa na kuua watu wote 73 waliokuwamo. Wilhelmi alikuwa mmoja wao. Wapo wanaolisimulia hili kana kwamba ni malipo ya mbinguni. Siungani nao, waliokufa ni watu 73, na kifo hicho hakina uhusiano wowote na filamu. Kinachonishughulisha ni kilichofuata: aliyetoa amri hayupo tena, na amri inabaki. Ukapita mwaka, miwili, mitano. Ikaja Solidarność, chama huru cha wafanyakazi, mwaka 1980, ikaja sheria ya kijeshi Desemba 1981, na filamu ingali imekatwa palepale. Hapa ndipo simulizi la ofisa mwovu linapovunjika. Kama ingekuwa chuki ya Wilhelmi tu, mrithi wake angeifuta kwa saini moja. Hakuna aliyetaka kuwa wa kuifuta. Mfumo ule haukuhitaji mtu wa kuichukia filamu kwa miaka kumi, ulihitaji tu kila aliyekalia kiti asiguse alichokikuta.

Miaka ya katikati

Żuławski aliondoka tena. Ndoa yake na Małgorzata Braunek, mwigizaji wa filamu zake mbili za mwanzo, ilikuwa imevunjika, na majeraha hayo yote aliyapeleka Berlin Magharibi, mita chache kutoka ukuta, akatengeneza Possession. Isabelle Adjani, aliyeigiza humo, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 1981, pamoja na kwa kazi yake katika filamu nyingine. Tukio lake la njia ya chini ya treni, peke yake na mfuko wa manunuzi, maziwa yakipasuka ukutani, bado linafundishwa na kubishaniwa. Adjani mwenyewe amesema kwamba lilimgharimu na kujitoa humo kulimchukua miaka. Hilo ni doa ambalo anayemsifu Żuławski lazima alitaje: aliwataka waigizaji wafike mahali ambapo si kila mtu anarudi salama, na wengi waliobebeshwa mzigo huo ni wanawake.

Possession inatufaa katika uchambuzi huu kwa jambo jingine pia. Nakala iliyotolewa Marekani ilikatwa zaidi ya dakika 40 kutoka filamu ya dakika 124, ikauzwa kama filamu ya kutisha ya kawaida. Uingereza kanda yake ya video iliingia kwenye orodha ya kanda za kushitakiwa. Mashariki mkasi ulishikwa na chama, Magharibi ukashikwa na muuzaji na mwendesha mashitaka. Tofauti ipo na ni kubwa: Possession kamili iliendelea kuwapo, mtu angeweza kuiona Paris. Na srebrnym globie ilikuwa haipo popote.

Kurudi

Katikati ya miaka ya 1980 wakuu wa Poland walianza kuzifungulia filamu walizozizuia. Przypadek ya Krzysztof Kieślowski, iliyotengenezwa mwaka 1981, ilitoka 1987. Przesłuchanie ya Ryszard Bugajski ilisubiri mpaka 1989. Krystyna Janda, aliyeigiza humo, ndiye aliyeigiza mhusika Azma katika Na srebrnym globie na ndiye pia mwigizaji mkuu wa ile Człowiek z marmuru iliyowakera wakubwa. Katika upepo huo Żuławski aliruhusiwa kurudi kwenye mikanda yake.

Angeweza kufanya mambo kadhaa. Angeweza kutafuta fedha na kupiga upya yaliyokosekana, lakini waigizaji walikwisha zeeka kwa miaka kumi. Angeweza kukata na kushona mpaka pengo lisionekane, kazi ambayo mhariri mzuri anaiweza. Alikataa yote mawili. Mwanzoni mwa filamu sauti yake yenyewe inatuambia kwamba tutaona kipande cha filamu, na kwamba sehemu ya tano iliyouawa mwaka 1977 haitapatikana tena. Kisha kila inapofika sehemu isiyopigwa, sayari inatoweka na tunajikuta kwenye mitaa ya Poland ya miaka ya 1980. Watu wanapita na makoti yao, wanapanda ngazi za umeme, wanaendelea na shughuli zao, na sauti ile inasimulia tukio ambalo lingekuwa hapo. Dakika chache, kisha tunarudi kwa makabila, mioto na damu.

Mara ya kwanza niliona kama udhuru. Kadiri filamu inavyokwenda unaanza kuwatazama wapita njia hao kwa jicho jingine. Tumetoka kuona jamii ikizaliwa, ikijipa miungu na kuiua. Sasa hii hapa jamii halisi iliyowekwa pahali pa ile ya kubuni, ndani ya nchi iliyoivunja filamu yenyewe. Pengo linaonyesha kosa, na papo hapo linaisukuma hadithi mbele. Nasema kwa uhakika wote nilio nao kwamba filamu iliyokamilika mwaka 1977 ingekuwa kubwa, ila isingekuwa na jambo hili. Kusema hivyo si kumshukuru Wilhelmi. Kilichoharibiwa kimeharibika, na mtu aliyefanya kazi ile akiwa na miaka 36 alinyimwa miaka yake kumi.

Filamu ilionyeshwa Cannes mwaka 1988, ikiwa na urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu. Żuławski aliendelea, zaidi Ufaransa, mpaka Cosmos iliyompa tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la Locarno mwaka 2015, na akafa Warsaw tarehe 17 Februari 2016. Mwaka huohuo Na srebrnym globie ilisafishwa kidijitali chini ya usimamizi wa Jaroszewicz, na mwaka 2021 Kuba Mikurda akatoa filamu ya hali halisi kuhusu kuvunjwa kwake.

Asiyewahi kumwona Żuławski asianzie hapa. Aanze na Trzecia część nocy, aende Possession, tena ile kamili ya dakika 124, ndipo aje kwa hii. Na atafute toleo lililosafishwa, kwa kuwa nakala za zamani zilizozagaa zimefifia mno, na kijani na samawati ambazo Jaroszewicz alizitafuta kwa makusudi humo zinaonekana kama uchakavu wa mkanda.